Aliyeitika Kwanza

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho
Umri: miaka 46
Kazi: mshonaji, mwenye karakana ya sare za shule
Makazi: chumba cha nyuma ya karakana hiyo hiyo

Wajina wangu, mkunga wa zahanati, alichukuliwa karakanani kwangu jana Jumamosi, tarehe 14, saa tisa na dakika kumi alasiri. Hajulikani alipo. Naanza na hilo kwa sababu jana nililisema hapa kaunta ya polisi na halikuandikwa.

Tuko wanawake wanne wa jina moja, la kwanza mpaka la ukoo, na hatuna undugu. Mimi nilianza na cherehani ya kukodi. Leo ninazo tisa, na hakuna aliyeninunulia hata sindano. Mkunga alilelewa kwenye kituo cha yatima. Wa tatu, binti wa mchungaji, anaendesha greda. Wa nne ni mhasibu, mtoto wa wenye nacho; mwezi uliopita aliacha kazi baada ya kukataa kutia saini hesabu za bosi wake. Tulijuana kwa kuchanganywa: wajawazito walinipigia mimi, wateja wangu wakamsumbua mkunga kuhusu kaptula.

Jumamosi sote wanne hunywa chai kwangu. Tuna mchezo wetu: jina likiitwa mlangoni, wa mwisho kuitika anaosha vikombe.

Jana tulikuwa mimi na mkunga tu, wengine hawajafika. Wanaume wawili walisimama mlangoni, mmoja akaita jina letu. Nilikuwa nimebana pini mdomoni. Mkunga akaitika, "Abee!" akanigeukia akicheka: "Vikombe vyako leo, wajina."

Yule mrefu akasema, "Tunatoka kituoni. Maswali mawili matatu tu, utarudi sasa hivi."

Nikatema pini. "Jamani, tuko wanne. Mnamtaka yupi?"

Mkunga akasema, "Usijali. Nifunikie chai yangu."

Waliondoka naye kwa gari jeupe lisilo na namba. Mkoba wake uko kitini mpaka sasa. Chai nimeifunika.

Saa kumi nilifika hapa. Nikaambiwa hakuna askari aliyetumwa wala mahabusu wa jina hilo. "Mama, nenda ukapumzike." Kwa woga nilizima simu, nikanunua laini mpya, nikarudi saa kumi na mbili kuiacha namba kaunta. Kwingine popote sijaitoa, hata kwa mwanangu.

Leo saa moja asubuhi laini hiyo iliita. Alikuwa yule mrefu: "Huyu siye. Wewe ndiye mhasibu?" Nikakata. Mhasibu hapatikani tangu jana. Kama mkunga siye, mbona hawajamrudisha?

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza. Nataka jibu moja kabla ya saa kumi jioni leo, mbele yangu, si "tunafuatilia": wale ni watu wenu, ndiyo au hapana? Kama hapana, nani wa kaunta hii aliwapa namba yangu?

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Ofisa mpokea maelezo: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyakubali. Nilimwita kwa jina lake mara tatu aje kutia saini. Hakuitika. Ilibidi nimfuate kwenye benchi na kumgusa bega.