Namba ya Siri ya Begi Langu

Alhamisi, Septemba 2017. Nyumbani, mtaa wa Observatory.

Na mtu kama yule ndiye aliyeitwa mgeni wa heshima!

Wajapani walileta kwenye maonyesho ya reli kipande cha behewa la treni yao ya uwanja wa ndege. Viti vinageuzwa vitazame mbele, skrini inaonyesha saa za ndege, na rafu ya mizigo ina waya wenye kufuli, wa kufungia begi kwa namba ya siri unayojichagulia. Kazi safi.

Mheshimiwa huyo mgeni alitaka kulijaribu kufuli mbele ya kamera, akachukua begi langu bila kuomba. Likafunga vizuri. Kulifungua, akashindwa.

"Mfumo wenu mbovu," akamfokea fundi wao, bosi wa fundi akisikia. Fundi akainama, akaomba radhi, akafungua kwa ufunguo wake.

Tulipokuwa kwenye lifti tukiondoka, mheshimiwa akacheka. "Eish! Kumbe niliweka mwaka wa kuzaliwa mke wangu, halafu nikawa nabonyeza wangu."

"Basi rudi umwambie yule fundi, mheshimiwa."

"Ah, dada, yameisha hayo."

Bahati, mpiga picha wetu kutoka Bukavu, akaninong'oneza, akiniita dada kwa Kiswahili cha kwao: "Yaya, huyu muzee hana haya."

Nimeripoti wezi wakubwa kuliko yeye, lakini kinyaa cha leo hakishuki hata kwa chai.

Mhariri amepiga simu. Anataka kichwa cha habari kiseme kufuli la Wajapani limegoma. Habari niliyomtumia inaanza na mwaka wa kuzaliwa mke wa mheshimiwa. Akiufuta, afute na jina langu.