Belti ya Shemeji

Jumapili jioni. Mvua imepita, joto limerudi, na mimi nimejifungia chumbani nikisingizia kichwa kinauma. Kichwa hakina neno.

Mwezi wa tatu fundi wangu wa Nyamasaria alifungua injini akaniambia belti ya taimingi imechoka. Ndiyo inayofanya vyuma vya ndani viende pamoja. Ikikatika, gari linazima hapo hapo barabarani na injini inaharibika. Kabla sijauliza bei, shemeji Ochieng', kaka wa mume wangu, aliyekuwa amesikia, akafika na belti mpya mkononi. Anauza spea katika mtaa wa Obunga, zile za bei ya chini zinazoiga za kampuni.

"Shem, hii ni yako, bure. Huko mjini unalipia jina kwenye boksi tu."

Ningekataaje? Mume wangu alipofutwa kazi, ni huyu aliyetupatia chumba kwake mwaka mzima bila kutununia hata siku moja. Nikashukuru.

Alipoondoka, fundi aliikunja ile belti kati ya vidole, tukaona nyufa ndogo kwenye meno yake. Mpya kabisa, na tayari ina nyufa. "Mama, hii siwezi funga kwa gari yako alafu nilale," akasema. Nikaenda mjini kimyakimya, nikanunua orijino, ya kampuni yenyewe, ikafungwa. Ya shemeji tuliitupa. Nilijiona mjanja sana: gari linatembea, undugu umebaki, hakuna aliyeumia.

Leo mchana tulikuwa kwa mama mkwe. Katikati ya chakula mtu akaanza kumtania shemeji kuhusu spea zake. Akacheka, akaninyooshea kidole.

"Muulize Mama Tito. Tangu mwezi wa tatu yuko na belti yangu. Imesumbua?"

Wote wakanigeukia, pamoja na mume wangu, ambaye pia hajui.

"Iko sawa," nikasema.

Wifi yangu Mercy akapiga makofi. Kumbe Alhamisi naye alifunga moja, kutoka kwa shemeji, kwa sababu aliambiwa mimi ninayo. Mercy anafundisha shule moja huko Kombewa. Kila asubuhi anaendesha huko na watoto wake watatu kiti cha nyuma, malori yakimfuata.

Nikasukuma sahani kando.

Tangu turudi nyumbani nawaza, na sioni pa kupitia. Nikisema ukweli, namvunjia shemeji heshima na biashara, na mume wangu atajua nimemficha miezi yote hii. Nikinyamaza... Sitaki hata kumaliza hiyo sentensi. Namkasirikia shemeji kwa wema wake! Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ninavyohisi.

Mwishowe nimemwandikia Mercy: "Usiwashe gari kesho. Hiyo belti ni mbaya."

Amejibu upesi, na vikatuni vya kucheka: "Si hata wewe uko nayo na gari yako inatembea poa?"

Hawezi kuniamini sasa kwa sababu aliniamini mchana.

Nimemjibu: "Sikuifunga. Nilidanganya, mbele yenu wote."

Amesoma. Anaandika, anaacha, anaandika tena. Sitangoja. Mume wangu yuko sebuleni anatazama mpira, na naenda kumwambia sasa, kabla hajapigiwa simu na ndugu yake.