Matumba ya Waridi

Baba Kidoti mpenzi,

Sasa hivi mwanao kayafumbua matumba ya waridi kwa vidole, moja baada ya jingine. Nilipomfokea akasema, "Si ulisema baba atakuja yakichanua?"

Ndivyo ulivyoniaga. Mvua zimepita mara mbili, yamechanua na kupukutika, nawe kimya. Mama yako anasema maua hayaliwi. Nilimwomba asubiri haya ya mara ya tatu. Usipokuja atapanda mboga pale, nami nirudi kwetu.

Limebaki tumba moja. Nimelifunika kwa ndoo, Kidoti asilione. Andika hata neno moja, mume wangu.

Mama yuko bustanini na jembe, anaita, "Mama Kidoti! Ndoo hii inafunika nini?" Nakwenda kumshika mkono asilime. Wewe nawe, tafadhali, njoo kabla...