Kwa Mama Mkwe Niliyemsahau Naviundu

Mama mkwe wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mahali pako, nyuma ndani ya gari letu la kuuzia chakula, kati ya sufuria kubwa na gunia la makaa. Ndugu zako wawili wametoka hapa mchana huu. Wanasema matanga yako yamekwisha, mpishi hayupo, basi tuache wazimu wa kuuza majani, tutie jiko la kuchomea mbuzi ndani ya gari kama watu wenye akili. Kesho watarudi kuchukua jibu. Jibu ninalo tayari, ila nimetaka ulisikie wewe kwanza, maana hukupenda kamwe kupata habari za nyumba yako kwa majirani.

Najua utacheka. Miaka tisa tuliishi lupango moja, ua mmoja, kisima kimoja, hatukuangaliana usoni hata mara moja, na leo nakuandikia barua ndefu kama kijana anayechumbia.

Lakini tungefanyaje? Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani macho. Huyu akiingia mlango wa mbele, yule anatokea wa nyuma. Hawali mmoja mbele ya mwenzake. Desturi hii inaisha siku moja tu, siku mama anapopika kuku kwa mikono yake mwenyewe, anamwekea mkwe mbele ya wazee, mkwe anakula, na aibu inakufa palepale. Siku yetu ilichelewa kwa sababu Baba mkwe aliugua. Halafu haikuja kabisa, na sababu yake naikumbuka vizuri kuliko wewe ulivyodhani.

Mwezi mzima Baba mkwe, yule mzee wa reli, alilala akiomba supu ya nyama. Mji ulikuwa umeanza kukauka, mimi na binti yako Ngoie tulikuwa hatuna kitu, na katika ukoo mzima hakuna aliyeleta hata mfupa. Alipokufa, mbuzi wawili walifika kabla ya jeneza. Uliwapika. Uliwagawia watu, ukahakikisha kila sahani ina kipande, kisha ukaosha sufuria na kuigeuza juani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nikakusikia ukisema, "Nyama ya leo njo ya mwisho. Mikono yangu haitagusa tena."

Watu walisema ni uchungu wa msiba, utapoa. Haukupoa. Ndugu zako wakasema bila kuku hakuna sherehe ya mkwe. Wewe ukajibu, "Basi tutakaa vile." Na mimi katikati, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikaendelea kuruka ua kila niliposikia kandambili zako. Nilichana suruali mbili, Mama. Leo naweza kukuambia.

Kisha mji ukaanza kubomoka kweli. King'ora cha kampuni kilichokuwa kikituamsha sote kilinyamaza siku moja, kikanyamaza tena, mwisho tukakizoea kimya chake. Kiwanda cha mikate nilichokuwa shofere wake kikakosa unga. Patroni, mwenye kiwanda, alipofunga masanduku yake akanitupia funguo za gari la kusambazia mikate: "Shofere, chukua. Ukiiacha hapa, bataikula." Nikalileta nyumbani kabla wezi hawajalila, nikaliegesha, nikaketi kulitazama kama mtu aliyerithi tembo.

Wewe ndiye uliyejua la kulifanyia. Nilikusikia jikoni ukimwambia Ngoie, kwa sauti ya kunitosha mimi pia: "Ambia bwana yako ile motoka haiko ya kulala. Bantu beko na njala. Courant ikikatika, frigo inazima, nyama inaoza. Sombe haiogopake courant." Ngoie akaja kunirudia maneno yote, kwamba watu wana njala, umeme ukikatika nyama inaoza, ila sombe, majani ya muhogo, hayaogopi umeme, na mimi nikajifanya ndiyo kwanza nayasikia. Jioni ile nilienda kulichunguza gari. Mbele viti viwili. Nyuma rafu na dirisha la kuuzia. Na katikati ukuta wa bati, mzima, bila tundu. Nikajua kwamba Mungu alimwongoza mtu huko Ulaya atengeneze gari kwa ajili ya mwanamume na mama mkwe wake.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Asubuhi soko la Naviundu, mchana Kasapa kwa wanafunzi wa chuo. Bukari, ugali wetu, na sombe ya karanga, maharagi, mchicha wa lengalenga, matembele, bowa yaani uyoga wakati wa mvua, na ile kikanda yako ya viazi vya porini na karanga, ambayo mwanafunzi mmoja aliila akaapa kwamba ni soseji. Walituita "Gari la Mbuzi" kwa sababu ya majani, chakula cha mbuzi. Wanaume walichungulia dirishani wakauliza, "Mama, nyama iko wapi?" Ukawajibu bila kuinua mwiko, "Iko inatembea na miguu yake. Muiache itembee." Wakacheka, wakala, kesho yake wakarudi kuuliza tena ili tu wasikie jibu.

Na mimi na wewe tulizungumza kupitia gari. Ukigonga bati mara moja, nisimame. Mara mbili, twende. Ukiwa na maneno zaidi uliyasema na gari lenyewe: "Ee motoka, unaona ile shimo? Uko unamwanga maharagi yangu!" Nami nikajibu mbele, nikiutazama usukani, "Motoka, omba mama radhi." Ngoie alipotusikia mara ya kwanza alicheka hadi akakaa chini. Kwangu mimi haikuwa mchezo. Sikuwahi kuzungumza na mtu kwa raha kama ile.

Sasa niseme la siku ile. Hatukuwahi kulisema sawasawa, kwa hiyo nalisema mwenyewe.

Ulikuwa umeshuka Naviundu kununua pilipili. Mimi sikukuona ukishuka. Nilikuwa sikutazami, ndiyo desturi. Milio ya bunduki za askari ikaanza upande wa mjini, kwenye maduka. Watu wakaanza kukimbia, mtu akapiga kelele, "Basoda banavunja magazini!" Wakati huohuo nikasikia bati likigongwa mara mbili. Nikaondoa gari. Kumbe ni sufuria ya maharagi iliyoteleza kwenye rafu. Shofere mwingine yeyote duniani angeshuka, akageuka nyuma kutazama kama mtu wake yumo. Mimi shingo yangu ilikuwa imefundishwa miaka tisa isigeuke.

Nikaendesha hadi Kasapa nikikutuliza njia nzima. "Motoka, ambia mama asiogope. Motoka, ambia mama tunakaribia." Hukujibu. Nikasema moyoni, anasali rozari. Tulipofika, mwanafunzi akafungua dirisha, akanijia mbele na uso wa kushangaa: "Shofere, mwenye anapikaka iko wapi?"

Nilishuka nikatazama. Palikuwa na kila kitu isipokuwa wewe.

Niligeuza gari. Njiani watu walibeba friji vichwani, magunia, viti, milango. Mmoja alibeba beseni la kuogea na mtoto ndani. Mimi nilikuwa naenda upande wanaotoka wote. Nikafika Naviundu, nikamkuta mwanamke mmoja aliyebaki akifunika makaa yake, nikamuuliza kama amemwona Mama Ngoie, yule wa gari la majani. Soko zima lilikuwa limetapanyika, na yeye alikuwa mgeni pale. Akaniuliza, "Iko namna gani? Uso yake iko namna gani?"

Mama, nilijua visigino vyako, vilivyopasuka. Nilijua kikohozi chako cha alfajiri. Nilijua mlio wa kinu chako kati ya vinu kumi. Uso wako sikuujua. Ningeweza kukupita umelala barabarani, nikasema maskini mama wa watu, nikaenda. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa bunduki. Nikaanza kutembea nikimkodolea macho kila mama mzee niliyekutana naye, jambo ambalo mtu aliyelelewa hafanyi, na wengine walinitukana.

Niliporudi kwenye gari ulikuwa umesimama kando yake, pilipili zimefungwa ndani ya kitenge. Nikainamisha kichwa mara moja, kwa mazoea. Nikakusikia ukianza: "Ee motoka..." Ukakatisha, ukasema, "Apana. Weye, Baba Ilunga. Niangalie."

Nikakuangalia. Una kovu dogo juu ya nyusi. Jino moja la mbele limegeuka kahawia. Macho ni ya Ngoie, ila yamechoka zaidi. Nilikuwa nimekufikiria mkali, na uso wako ulikuwa wa mtu aliyelia sasa hivi na hataki ijulikane.

"Umeniona?" ukauliza.

"Nimeona, Mama."

"Basi siku ingine utajua mwenye unatafuta."

Ukaenda nyuma ukachota bukari na maharagi yaliyobaki, kisha ukafungua mlango wa mbele, ukapanda kiti cha pembeni yangu. Nilipokaa, ukaniwekea sahani mapajani, ukasema, "Kula." Nikala mbele yako, mji wetu ukiporwa mbele ya kioo, na machozi yakiniingia mdomoni pamoja na maharagi. Ndugu zako waliposikia walikuja juu: sherehe gani ya maharagi? Uliwajibu ukiwa unachagua mawe kwenye mchele, "Alikula, alishiba, aibu ilikwisha." Tangu siku ile ulikaa mbele tukiwa njiani, misimu minne ya mvua, ukinifundisha kuendesha gari ambalo hukujua hata breki zake ziko wapi.

Ugonjwa wako ulikuwa mfupi. Kule hospitali, kwenye chumba cha baridi cha maiti, mhudumu alitoka akauliza ni nani anaujua uso wa mama ili amtambue kabla ya kumtoa. Ndugu zako waliogopa kuingia, na mimi wakanizuia, wakasema mkwe haingii mahali pale. Ngoie hakuweza hata kusimama. Nikasema mimi naujua. Nikaingia, nikakutazama sawasawa, nikamwambia yule mhudumu, ndiye huyu.

Kwenye matanga waliletwa mbuzi, kama unavyojua ukoo wako. Sikugombana na mtu. Niliegesha gari nje ya lupango nikafungua dirisha. Mbuzi walipokwisha, waombolezaji wakaja kwangu, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa kaka yako mkubwa. Nilimpa sahani iliyojaa.

Sitakudanganya kuhusu hali yetu. Napika mimi sasa, na wanafunzi wanasema chumvi yangu ni ya kumkomoa mtu. Wateja wamepungua. Redio inasema vita vinashuka kutoka mashariki, na wengine wameanza kuvuka kwenda Zambia kupitia Kasenga. Ndugu zako hawasemi upuuzi: nyama ingewarudisha watu haraka. Ngoie aliniuliza juzi, kwa upole, kama naendelea kwa ajili ya wateja au kwa ajili yako. Nilimwambia ni kwa ajili yangu. Kila kitu nilichokijua katika mji huu kimesimama, mashine, viwanda, treni, na hili gari la majani halijasimama hata wiki moja. Sitalisimamisha mimi. Alfajiri hii Ngoie ameleta kinu chako karibu na gari, akaanza kutwanga sombe. Jua kwamba mtoto wako amekubali.

Mama, nimekukosa. Nimekukosa hasa njiani, pale kwenye mashimo, ninaposubiri kugombezwa na hakuna anayenigombeza.

Ndugu zako nimewaheshimu kama mkwe anavyotakiwa: miaka yote hii nimewasikiliza nikitazama viatu vyao. Kesho nitawaambia kwamba gari hili halitachoma nyama maadamu nina nguvu ya kugeuza usukani, na nitawaambia nikiwatazama machoni.

Pumzika kwa amani.

Mkwe wako uliyemlisha,
Baba Ilunga