Treni ya Mungbere Juu ya Meza Yetu

Papa mupenzi,

Ulipoacha kutengeneza redio kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, Mama aliogopa kwamba utakaa tu ukiangalia barabara. Weye ukaomba mbao. Uliniambia unataka kujenga treni ya kwenda Mungbere, ile uliyoipanda ujanani na ambayo haipiti tena, uione ikitembea hata mara moja. Mimi binti yako, fundi wa sola, nilidhani ni maneno ya ugonjwa. Kisha nikakukuta ukikata vyuma vyembamba vya reli, nikavuta kiti.

Injini ilikuwa kopo la sardini lenye motere ya redio-kaseti. Umeme wa betri uliingia kwenye reli mbili, magurudumu yakauchukua. Treni iliondoka vizuri kwenye gare, kituo chake kidogo, ikafika kona ya dirishani, ikalegea, ikasimama. Kila mara pale pale. Nikasema motere imekufa.

"Motere iko muzima," ukanijibu. "Kuran ya umeme ndiyo inachoka mu njia. Leta taa ile kidogo."

Tulipoigusisha reli karibu na betri, taa iliwaka sana. Konani ilififia hadi tukaikinga kwa viganja ili tuione. Reli zetu zilikuwa vipande vilivyoungwa, na kila kiungo kilikula umeme. Basi nililala chali chini ya meza, nikapitisha nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, kuzunguka meza nzima. Kutoka kwenye hizo nikapandisha nyaya fupi hadi kila kipande cha reli. Weye ulikuwa juu unalehemu, mkono mmoja ukiushika mwingine utulie. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha hivyo.

Ilipopita dirishani bila kulegea, ulivua kofia. "Inaenda Mungbere," ukasema, ukakaa.

Tulikuzika kabla ya mvua. Kwa muda mrefu sikuigusa meza. Mama ndiye aliyeifuta vumbi. Halafu watu wa parokia yetu hapa Mbunya wakaniomba niilete ukumbini, watoto waliokimbia vita kutoka Fataki waione, maana wengi hawajawahi kuona treni. Niliikata meza vipande ipite mlangoni, nikaunga nyaya upya, nikajaribu kila reli kwa taa. Niliogopa kukuaibisha.

Haikusimama alasiri nzima, Papa. Watoto walikimbia nayo upande hadi upande. Bibi mmoja alikuwa amesimama karibu na gare, ameshika ukingo wa meza.

"Siye tulikuwa tunaipanda na kuku," akaniambia. "Nilienda kuolewa nikiwa ndani yake. Nani alitengeneza hii?"

Nilizoea kusema ni kazi ya papa yangu.

"Ni papa yangu na miye," nikasema.

Akataka kujua inatembezwa na nini. Nikamwambia umeme unapita chini. Akakunja kitenge, akapiga magoti polepole, akaingiza kichwa chini ya meza kutazama nyaya zetu, akakaa huko muda mrefu.

Pumzika, Papa.

Mimi, binti yako na fundi mwenzako