Muti wa Pointi 31

Siku ya pili, 7/8/2001. Mutwanga.
Leo pointi tisa. Profesa Tshibangu anatafuta vijiji vile Babeleji walihamisha wakati wa babu zetu. Nyumba zilioza, lakini makaburi hapana: wazee walipanda juu yake muti wa majani kama panga, na ule muti haufi. Donc natembea, naona muti, nainua GPS, inaongea na satelite, nabonyeza. Kisha ordinateri, kompyuta ya Prof, inachora kijiji kizima. Mimi Kasika, wa masomo ya primaire tu, naitwa sasa «cartographe», mutu wa ramani. Viatu vyangu bado havijasikia.

Pointi 31 — muti unafika magoti. Wa wakati wa Babeleji, huu? Udongo ungali mwekundu. Mulimaji fulani alimuhurumia mutu, akapanda. Kando, bidon ya manjano, imeandikwa PHINÉES. Jirani yangu wa Butembo! Alishuka kuuza mafuta mwezi wa tano, hakurudi.
Kidole kilibonyeza mbele ya akili.

Siku ya ine, 9/8. Beni.
Prof amekasirika. Futa! Sisi tunafanya historia, si mambo ya leo. Tena muke ya Phinées akijua atashuka kule, na bale baliomuua bangali mu barabara.
«Ndiyo, Prof.» Nikafuta — mu ordinateri. Habari ya GPS hakuniuliza. Mule nilikuwa nimeandika PHINEE, inakubali herufi sita tu.
Nyuma ya kambi ya basoda wa bunduki, miti midogo ine ya majani kama panga. Sikubonyeza.

Siku ya posho, 11/8. Butembo.
Kwa Mariette, muke ya Phinées, wanazika mugomba. Mutu akipotea ni hivyo: kigogo cha ndizi, shati lake juu, vilio. Mama ya Phinées akakataa kile cha kwanza: «Mutoto wangu alikuwa mufupi hivi?» Wakakata kingine. Mimi nilibeba upande wa kichwa. Maji ya mugomba yalinishuka mu shingo, bado sijakauka.

Mariette: «Baba Kasika, wanasema unaweka makaburi mu mashine. Weka na ya bwana yangu, isipotee.»
Nikainua mashine. Satelite zinakawia. Mzee Vagheni akapiga kelele: «Cartographe, udongo haujirudishi peke yake!» Nikashika mpauro, nikarudisha udongo. Mashine ikabaki mu mikono ya Mariette.

Nimekimbilia nyuma ya jiko, naandika. Ninamuona. Amefungua liste, anasoma na kidole, polepole, kama mu kitabu cha misa. Kidole kimesimama juu ya herufi sita. Anabonyeza. Sasa anageuka na mashine mbele ya kifua, kidogo kidogo, anafuata mushale unaoonyesha njia ya pointi — mugongo kwa kaburi, uso upande wa Mutwanga.