Mwano Ulionipigia Runzewe

Runzewe,
Jumanne jioni.

Mayu,

Shikamoo. Natumaini hii utaiitikia, maana simu zangu huzipokei. Tangu Jumapili napiga, na kila nikipiga Limi ananiambia umeenda shambani, umeenda kanisani, umelala. Mama gani analala saa nne asubuhi na jua lote hilo? Basi nimeamua kuandika. Barua nampa kondakta wa basi la Shinyanga, ataiacha dukani kwa Mama Kulwa. Limi, wewe mdogo wangu ndiye utakayeisoma. Soma yote, kwa sauti, usiruke mahali hata kama Mama atakutolea macho.

Habari za hapo nyumbani? Magoti yanaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyokuletea umeitumia au umewagawia majirani kama kawaida yako? Mahindi yamefika wapi? Mvua huku imenyesha mpaka barabara ya mnadani haipitiki. Mimi ni mzima, ikiwa mtu mwenye nyuzi kichwani na jicho moja lililofumba anaitwa mzima.

Nimekasirika, Mayu. Najua mtoto hamwandikii mama yake hivyo, na kama Baba angekuwepo angenichapa na ukubwa wangu huu. Lakini nimekasirika na sitajifanya nimecheka.

Jana mjomba alinipigia. Hata salamu hakuimaliza. Akasema wazee wa sungusungu wamekaa kikao, video ya mieleka yetu ya Jumamosi wameiangalia kwenye simu ya mwenye duka, wakairudia, wakaamua. Mtu ambaye mama yake mzazi amempigia yowe la mwano haingii kijijini mpaka mama huyo asimame mbele ya watu aufute. Nikamwambia, mjomba, ule ulikuwa mchezo. Akanijibu, "Mchezo au si mchezo, mwano wa mama haupigwi bure." Nikauliza kama umeombwa kuufuta. Akasema umeombwa mara mbili, na mara zote mbili umekataa.

Harusi ya Limi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Baba hayupo. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye wa kusimama mlangoni kuwapokea wakwe na kumkabidhi dada yangu. Mjomba anasema nisijali, atasimama yeye. Kwani mimi nimekufa? Nimezikwa wapi?

Ngoja nieleze, maana naona kijiji kizima kinaijua mieleka kuliko mimi niliyeicheza.

Kazi yangu unaijua. Siku za wiki ni fundi wa kuchomelea, natengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Jumamosi nacheza mieleka ya huyu mwandaaji tunayemwita Promota. Ulingoni mimi ni Bosi Karasha. Navaa suti nyeusi na miwani, nabeba mfuko wa kokoto, nawarushia watu nikiwaambia, "Haya, chukueni mgao wenu!" Wananichukia hasa, kwa sababu huku hakuna mchimbaji ambaye hajawahi kulizwa kwenye karasha. Mabula anaitwa Shujaa wa Duara. Anaingia na tochi kichwani na matope ya shimoni miguuni, na matope hayo ni ya kweli, kwa sababu Mabula kazi yake ni kushuka kwenye duara, shimo la dhahabu, kuchimba. Ni Mabula huyu huyu ninayepanga naye chumba na kula naye sahani moja.

Yote tunapanga. Nani aanguke, nani ainuke, nani ashinde. Ijumaa tunafanya mazoezi juu ya magunia ya pumba mpaka kila mtu ajue mguu wake unakwenda wapi. Sikukuambia kwa sababu Promota alitukataza: atakayetoa siri, hata kwa mkewe, hachezi tena. Ila nilikuita uje. Onyesho lilikuwa kubwa kuliko yote, limepewa jina Vumbi la Dhahabu, watu wanalilipia kwenye simu, vibanda vya video vinalionyesha mpaka Bugarama na huko Mwadui. Nikakutafutia kiti cha mbele kabisa, chenye mto, wewe na Mama Kulwa. Nilitaka uone mwanao anavyojaza uwanja wa mnada saa tisa mchana.

Na mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wale dada wawili wa Ushirombo walivutana nywele za bandia mpaka zikabaki mkononi mwa refa, refa akazitupa akidhani ni mnyama. Ulifuta machozi kwa kucheka, nilikuona nikiwa nyuma ya pazia. Lile jitu la Bugarama lililofunika uso likavuliwa kitambaa, kumbe ni muuza chipsi wa stendi, uwanja ukalipuka. Halafu tukaingia sisi.

Onyesho la nyuma nilikuwa nimemnyang'anya Mabula mkanda wa ubingwa kwa kumhonga refa mbele ya macho ya watu wote isipokuwa Mabula. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya kisasi. Mpango ulikuwa huu: nimuonee kwanza, refa akigeuka nimpige kwa kiti cha bati, Mabula alale kama amekwisha, halafu ainuke, aninyanyue, anitupe juu ya meza, achukue mkanda wake. Meza tulikuwa tumeilegeza miguu asubuhi.

Haikufika kwenye meza. Ulipiga mwano.

Sauti ile naijua, Mayu. Wewe ndiye uliyetulea nayo. Mwano ukilia, acha chungu jikoni, acha jembe shambani, kimbilia inakotoka sauti, maana atakayebaki ndani ndiye atakayeulizwa kesho. Nilipousikia nilijua ni wewe. Na sikufikiri hata kidogo kwamba ni kwa ajili yangu. Nilifikiri umevamiwa. Nilitupa kiti, nikaruka kamba na suti yangu, nikawa wa kwanza kukufikia. Nikakushika mabega. "Mayu, nani? Yuko wapi?"

Ukaninyooshea kidole usoni. "Huyu! Huyu hapa!"

Uwanja ni wa mnada, kila mtu ana fimbo ya ng'ombe. Hawakuuliza. Na wasingeuliza, mama akilia vile hata mimi nisingeuliza. Kilichoniokoa ni Mabula. Aliteleza kutoka ulingoni, akaja akanilalia juu, mwili mzima, anapiga kelele, "Ni ndugu yangu! Tunaigiza! Mwacheni, tunaigiza!" Fimbo nyingine zikamwishia yeye. Siri yote ya Promota ikaishia hapo, Bugarama na Mwadui wakisikiliza.

Tukapelekwa hospitali, mimi kichwa na jicho, Mabula mfupa wa bega. Wewe asubuhi ukapanda basi. Hukuja hata mlangoni kuniangalia. Mama Kulwa ndiye aliyeniletea chai, akaniambia, "Mama Nkwabi anasema yuko stendi." Stendi na hospitali ni mtaa mmoja, Mayu.

Promota yeye amefurahi mpaka anatia kichefuchefu. Alikuja Jumapili na maembe. Anasema hakuna onyesho lililowahi kuzungumzwa hivi, simu yake haipumziki, anataka marudio. Unajua anamtaka nani? Wewe. "Yule mama aje tena," anasema, "safari hii tutampa maikrofoni." Nikamwambia aondoke na maembe yake kabla sijamwonyesha mieleka ambayo haikupangwa.

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza nilikuita mama wa shamba asiyeelewa mambo ya mjini, aliyemwaibisha mwanawe kwa ushamba. Nikaichana, kwa sababu ni uongo na nilijua ni uongo wakati naandika. Ukweli ni kwamba Jumapili jioni Limi aliniambia ulichomjibu. Alikuuliza, "Mama, hukujua kwamba wanaigiza?" Ukamwambia, "Nilijua tangu wale wasichana wa nywele. Viti viwili nilicheka. Cha tatu hakikuwa mchezo."

Tangu hapo sijalala vizuri. Limi, endelea kusoma.

Viti vilikuwa viwili, Mayu. Viwili ndivyo tulivyopanga. Mabula anagonga sakafu kwa kiganja, maana yake yuko tayari, pumzi ameitoa, nami nampiga mgongoni kwa ubapa, bati linalia sana na mtu haumii sana. Alinigongea mara mbili, nikampiga mara mbili. Halafu akaanza kuinuka, ameshika kamba, kama tulivyofanya Ijumaa.

Nikakutazama. Ulikuwa umesimama na magoti yako hayo, kanga umeifunga kiunoni, unampigia Mabula vigelegele. Nilipoingia mimi ulizomea pamoja na wengine, nikasema sawa, Bosi Karasha huzomewa. Lakini yeye alipokuwa anainuka ukaita, "Inuka, mwanangu! Inuka!" Mwanangu. Mimi nimesimama hapo hapo na kiti mkononi. Nilitaka nikuulize mwanao ni nani. Badala ya kukuuliza nikampiga Mabula, kwa ukingo wa kiti, begani, hajagonga sakafu, hajatoa pumzi. Nilisikia mfupa.

Uwanja mzima haukujua. Refa hakujua. Promota hajui mpaka leo. Watu wameirudia ile video kwenye simu zao, wazee wenu wameirudia, wote wanaona Bosi Karasha na ukatili wake wa kulipiwa. Wewe na jicho lako lenye mtoto wa jicho umeona.

Na Mabula anajua. Bega lilikuwa limeshavunjika alipokuja kunilalia. Daktari alipomuuliza alijibu kwamba ameumia kwenye vurugu, fimbo nyingi, hakumbuki ipi. Mimi nilikuwa nimekaa kitanda cha pili, kichwa kinashonwa, nikanyamaza. Sasa hawezi kushuka kwenye duara, na hatujui mpaka lini. Mkono umefungwa kifuani. Kila asubuhi namfunga vifungo vya shati, naye ananiambia asante.

Nakasirika ukikaa kimya. Nakasirika kwamba ulipanda basi. Nakasirika zaidi kwamba ulinijua haraka hivyo, katikati ya watu wote wale, wakati mimi mwenyewe nilikuwa bado natafuta nani amekuvamia.

Usiufute mwano. Wazee wakikuomba mara ya tatu, kataa. Nitakuja Ijumaa kabla ya harusi, nitasimama nje ya kijiji pale wanaposimamishwa watu, nitawaambia mwenyewe kiti cha tatu kilitoka wapi. Wakinikubalia nimkabidhi Limi, nitamkabidhi. Wasiponikubalia, nitasimama barabarani, Limi akipita na watu wake aniangalie dirishani. Limi, usilie ukisoma hapa, Mama atajua umefika wapi.

Nisalimie mjomba, umwambie suti ya harusi asiinunue bado. Msalimie Mama Kulwa, jirani aliyekaa nami kuliko ndugu, na ile chai namshukuru. Msalimie bibi mzaa baba, mumfichie habari za jicho langu. Mchumba wa Limi mwambieni shemeji yake anamsalimu, na asiogope, mieleka nimeacha.

Mabula yuko hapa nyuma yangu, amekaa kitandani, anasubiri nimkatie ugali kwa sababu mkono mmoja haumtoshi. Anauliza ninaandika nini muda wote huu. Anasema nikuandikie salamu zake, na kwamba vile vigelegele vyako hatavisahau. Nimeandika. Sasa nageuka nimsomee.

Mwanao,
Nkwabi